Meza ya Ruta kwa Karakana ya Nyumbani: Kabati Kamili, Meza ya Juu ya Benchi au Bawa la Msumeno?

Ruta ya mbao, yaani mashine inayozungusha biti (kisu cha kuchongea) kwa kasi kubwa, ikishikwa mkononi hufanya kazi nyingi, lakini zipo kazi zisizofaa kufanywa hivyo. Kipande cha fremu chenye upana wa milimita 30 hakina mahali pa kukalisha kitako cha mashine bila kuyumba. Biti za kuchonga paneli za milango, ambazo kipenyo chake hufika milimita 80, ni hatari kutumiwa mkononi kwa namna yoyote. Na anayetaka kupitisha mfereji uleule kwenye mbao zote za droo za kabati zima hufunga na kufungua klampu hadi kazi yenyewe ikamchosha. Hapo ndipo ruta hugeuzwa kichwa chini, ikafungwa chini ya meza, na kinachosukumwa kikawa ubao, si mashine.

Kinachowakwamisha wengi ni aina ya meza. Kwa karakana ya nyumbani njia zinazozingatiwa zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kabati kamili linalosimama sakafuni, lenye chumba cha ruta katikati, droo pembeni na meza yake yenyewe juu. Ya pili ni meza ndogo ya juu ya benchi, yenye kimo cha milimita 300 hadi 400, ambayo hubanwa kwa klampu wakati wa kazi na kurudishwa rafuni ikimalizika. Ya tatu ni bawa la msumeno, yaani ubao wa nyongeza pembeni mwa msumeno wa meza, ambao ruta hupachikwa chini yake ili mashine mbili zigawane uso mmoja.

Vigezo

Nitazilinganisha njia hizi kwa vigezo vitano: ubapa na uthabiti wa meza, njia ya hewa na vumbi, usalama pamoja na kimo, nafasi na muda wa kuandaa kazi, na gharama ya vifaa pamoja na jasho la kujenga. Nimevipanga kwa uzito wake kama ninavyouona mimi. Idadi ya droo si kigezo hapa, ingawa najua ndiyo inayowavutia watu wengi kwenye picha za makabati mazuri. Droo huweza kuongezwa mwaka ujao, lakini meza iliyopinda au chumba kisicho na hewa hukuandama kila siku unapowasha mashine.

Ubapa na uthabiti

Kasoro yoyote ya meza hunakiliwa kwenye kazi. Tuchukue meza iliyobonyea milimita moja pale katikati ambapo ruta inaning'inia. Ubao mrefu utavuka juu ya bonde hilo bila kuligusa, kwa hiyo sehemu ya kati ya mfereji itatoka na kina kifupi. Ncha za ubao, zikifika hapo bila kuegemea upande wa pili, zitazama kidogo na mfereji utaingia ndani zaidi. Fundi ataupima, ataona kina kinatofautiana, na mara nyingi ataishuku biti au koleti (kishikio kinachobana biti), kumbe kosa liko chini ya mikono yake. Njia rahisi ya kupima ni kulaza rula ndefu ya chuma kutoka pembe hadi pembe, kisha kujaribu kupenyeza karatasi chini yake katikati. Karatasi ikipita kwa urahisi, meza imebonyea.

Kabati lina faida hapa kuliko zote, na sababu yake haizungumzwi sana. Kuta mbili za chumba cha ruta husimama sentimita chache tu kutoka kwenye tundu la bamba linaloshika ruta, kwa hiyo huibeba meza mahali hasa penye uzito. Meza yenye miguu minne hubebwa kwenye kingo, wakati mzigo uko katikati. Kwa meza ya kabati, tabaka mbili za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18 zilizogundishwa pamoja hutosha, mradi fomaika ibandikwe juu na chini. Ikibandikwa upande mmoja tu, upande ulio wazi huvuta na kuachia unyevu peke yake, na ubao hupinda baada ya miezi kadhaa hata kama ulikuwa bapa kabisa siku ya kwanza.

Meza ya juu ya benchi hunusurika kwa ufupi wake. Uso wa milimita 600 kwa 400 hauna umbali wa kutosha kubonyea sana, hata ukiwa wa tabaka moja nene, hasa ikiwa ruta ni ndogo. Udhaifu wake ni kwamba ubao wa mita mbili hauna pa kulala: unapoingia unainamia mkono wa kulia, unapotoka unainamia wa kushoto, na fundi hulazimika kuweka stendi pande zote mbili ili kazi isipinduke.

Bawa la msumeno huazima uthabiti wa mashine nyingine. Msumeno mzito wenye meza ya chuma cha kalibu hautikisiki, na uso wake mpana hubeba ubao mkubwa bila shida. Hata hivyo ruta kubwa ina uzito wa kilo 5 au 6, na jeki ya kuipandisha na kuishusha huongeza karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo bawa linahitaji mguu wake wa kulitegemeza kwenye ncha. Misumeno myepesi ya kubebwa, ambayo reli zake ni mabomba membamba, haifai kutundikiwa mzigo huo.

Kwa njia zote tatu, bamba linaloshika ruta, ambalo kwa kawaida ni la alumini au plastiki ngumu lenye unene wa milimita 6 hadi 9.5, lazima lilingane na meza kwa usawa kamili. Kingo za tundu zikichongwa ngazi ya kukalia bamba, weka skrubu ndogo kwenye pembe ili uweze kulipandisha au kulishusha kwa nywele moja. Bamba likiwa juu kidogo, ubao hugonga na kusimama. Likiwa chini, ubao hutumbukia mwanzoni mwa kila mpito.

Hewa na vumbi

Ruta nyingi huvuta hewa ya kupooza mota kutoka upande wa juu na kuitoa karibu na koleti. Ikigeuzwa kichwa chini, mdomo wa kuvuta hewa huelekea chini, mahali vumbi linapodondokea. Usipopanga njia ya hewa mapema, mota itavuta vumbi hilo pamoja na joto lake yenyewe, na brashi na bearing (gololi) zake zitachakaa kabla ya wakati.

Kabati hulimaliza tatizo hili likijengwa sawasawa, na hulizidisha likijengwa vibaya. Chumba cha ruta kinahitaji tundu la kutolea vumbi nyuma, milimita 100 likiwezekana, na tundu la kuingizia hewa safi mlangoni. Wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Chumba kikifungwa kabisa, kifyonza vumbi hakina hewa ya kusogeza. Bomba linavuma lakini chembe zinajaa sakafuni mwa chumba, na joto la mota linabaki humo humo. Toboa mlango, weka kipande kinachoteleza ili uongeze au upunguze uwazi, kisha angalia chembe zinavyokwenda huku mashine ikinguruma. Ukiinamisha sakafu ya chumba kuelekea tundu la nyuma, zinateremka zenyewe. Tundu jingine la milimita 63 huwekwa nyuma ya fensi, yaani ule ubao ulionyooka unaoegemezwa kazi, na mabomba hayo mawili huunganishwa kuwa moja.

Meza ya juu ya benchi kwa kawaida hutegemea tundu la fensi peke yake. Hilo hutosha unapochonga ukingo, kwa sababu biti iko wazi upande wa fensi na chembe hurushwa huko. Ukichimba mfereji katikati ya ubao mambo hubadilika: biti imefunikwa na kazi yenyewe, fensi haipati chochote, na uchafu wote huanguka chini kwenye benchi na miguu yako. Unaweza kufunga pande za meza ndogo na kuitobolea tundu lake, lakini basi itakuwa nzito zaidi na nafasi ya mkono kufikia ruta itakuwa finyu.

Bawa la msumeno liko katikati. Sanduku dogo huweza kutundikwa chini yake likafanya kazi ya chumba, ila bomba moja litahama kati ya msumeno na ruta, na aliyechoka hatalihamisha. Hilo nalichukulia kwa uzito. Vumbi la mbao limewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) katika Kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na MDF hutoa vumbi laini kuliko mbao nyingi. Vaa barakoa ya vumbi hata kama kifyonza kinafanya kazi. Masikio nayo yalindwe, kwa kuwa sauti ya ruta hupita desibeli 85 kwa urahisi. Chumba kilichofungwa hupunguza mngurumo wa mota, lakini kelele ya biti ikikata ubao hubaki palepale.

Usalama na kimo

Kanuni kuu ni zilezile kwa meza zote. Ukiwa umeikabili fensi, sukuma kazi kutoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko wa biti. Usipitishe ubao kati ya biti na fensi kamwe, kwa maana biti itaunyakua na kuurusha. Biti kubwa zipunguziwe kasi: za chini ya milimita 25 huvumilia mizunguko 22,000 kwa dakika na zaidi, lakini zinazokaribia milimita 80 hazipaswi kuzidi takriban 12,000, na maelekezo ya mtengenezaji wa biti yakisema pungufu yafuatwe hayo. Ruta isiyo na kirekebisha kasi isiwekewe biti hizo.

Tofauti zinaanzia kwenye kimo. Kabati hujengwa kwa urefu wa mwenyewe, na wengi huona milimita 870 hadi 930 zinawafaa, kwa sababu mikono husukuma mbele bila mabega kupanda. Meza ndogo ikiwekwa juu ya benchi ya milimita 850, uso wake hufika karibu milimita 1,200 kutoka sakafuni. Viwiko huinuka, nguvu ya kubana kazi hupungua, na macho huwa karibu mno na biti. Anayechagua njia hii atengeneze stendi fupi ya milimita 500 hadi 550 badala ya kutumia benchi ya kawaida. Bawa hufuata kimo cha msumeno, ambacho kwa misumeno ya kusimama huwa milimita 850 hadi 900, na hicho hakina tatizo.

Swichi ni suala la pili. Kabati lina sehemu bapa ya mbele inayopokea swichi kubwa ya kuzimia, ile ambayo haijiwashi yenyewe umeme ukikatika na kurudi, na goti au paja linaweza kuigonga mikono ikiwa bado imeshika ubao. Meza ndogo nayo inaweza kupata swichi hiyo, ingawa mara nyingi watu huishia kutumia ya ruta yenyewe iliyojificha chini, jambo nisilolishauri hata kidogo. Kwenye bawa kuna hatari ya pekee: swichi mbili na plagi mbili mahali pamoja. Anayebadilisha biti huku amechomoa plagi ya msumeno yuko hatarini kupoteza vidole, kwa hiyo nyaya zipakwe rangi tofauti au ziwekewe alama nene. Ruta ya wati 2,000 pamoja na kifyonza cha wati 1,200 kwa umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 14. Usivitegemeze vyote kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea.

Jambo moja litakalomwondolea mjenzi wasiwasi: fensi ya ruta haihitaji kuwa sambamba na mfereji wa meza wala na ukingo wake. Biti ni ya mviringo, hivyo kinachohesabika ni umbali kati yake na fensi tu, na upande mmoja wa fensi unaweza kubaki umefungwa huku wa pili ukisogezwa. Ulinganifu huo unahitajika pale tu unapotumia geji ya pembe, yaani kishikio kinachoteleza kwenye mfereji wa meza kikiushika ubao kwa pembe, pamoja na fensi kwa wakati mmoja.

Nafasi na muda wa kuandaa

Kabati lenye uso wa milimita 800 kwa 600 hula karibu nusu mita ya mraba ya sakafu, bila kuhesabu nafasi ya ubao kuingia na kutoka. Magurudumu yenye breki hupunguza mzigo huo. Malipo yake ni kwamba mpangilio wako haubomolewi: ukiacha biti na fensi zimewekwa jioni, utazikuta hivyo asubuhi.

Meza ndogo haichukui sakafu, lakini kila kazi huanza kwa kuishusha, kuibana, kufunga ruta na kupima upya. Ikiwa ruta ni moja na unaitumia pia mkononi, hesabu muda wa kuihamisha mara zote mbili.

Bawa halichukui nafasi yoyote mpya, na kwa chumba kidogo hilo linaweza kuwa hoja ya mwisho. Gharama yake hujitokeza katikati ya kazi. Umeshapima fensi kwa ajili ya ulimi wa fremu za milango, umejaribu vipande viwili vya taka, sasa kina kimekaa sawa; halafu unagundua fremu moja imepungukiwa na lazima uikate upya kwenye msumeno. Fensi inasogezwa, biti inashushwa, na kipimo ulichokihangaikia kimepotea. Dawa yake ni kukata vipande vyote na vya akiba kabla ya kugusa ruta, na anayeweza kujizoeza nidhamu hiyo atafurahia bawa.

Gharama na ujenzi

Kasha la kabati la kimo cha milimita 800 na upana huohuo hula zaidi kidogo ya karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 yenye ukubwa wa 2,440 kwa 1,220, na droo huifanya hesabu ikaribie karatasi mbili. Kwa kasha napendelea plaiwudi: hushika skrubu kwenye kingo na haivimbi kwa unyevu wa sakafu kama MDF. MDF ni bapa na hufaa juu, ila karatasi yake moja ya milimita 18 ina uzito wa karibu kilo 40 na kingo zake hupasuka skrubu ikiingizwa bila kutobolewa kwanza. Meza ndogo hujengwa kwa mabaki ya plaiwudi au MDF hiyo. Bawa linahitaji kipande kimoja, bamba na mguu.

Jeki ndiyo huwa ghali, na si lazima. Baadhi ya ruta zina tundu la kuingizia ufunguo kutoka juu ya meza ili kupandisha biti. Ukiwa nayo, fedha ya jeki ibaki mfukoni. Kuhusu droo, acha nafasi zake wazi mwanzoni. Baada ya muda wa kazi utajua biti zako ni ngapi na mashina yake (sehemu zinazoingia kwenye koleti) ni ya kipenyo gani, na utatoboa ubao wa kuzipanga kwa uwazi kidogo, kwa mfano milimita 13 kwa shina la milimita 12.7, ili zisikwame hali ya hewa ikiwa na unyevu.

Kwa hali yako

Anayetengeneza makabati na milango mara kwa mara, mwenye ruta ya wati 1,800 na kuendelea na sakafu ya kutosha, atafaidika na kabati, hasa akiwa na ruta ya pili ya kushika mkononi. Akichonga paneli kubwa, uzito wa kabati na chumba chake cha vumbi ni vitu asivyoweza kuvipata kwa urahisi kwenye njia nyingine.

Anayefanya kazi ndogondogo, kama fremu za picha, visanduku na kingo za rafu, au anayehama nyumba, au ambaye karakana yake usiku ni mahali pa kuegesha gari, ajenge meza ndogo na stendi yake fupi. Asiweke biti za paneli humo.

Mwenye msumeno mzito uliokwisha kukaa mahali pake, na chumba ambamo mashine moja zaidi ingeziba mlango, atumie bawa, kwa sharti kwamba atalipia mguu wake, swichi yake na sanduku lake la vumbi. Mwenye msumeno mwepesi wa kubebwa achague kati ya zile mbili nyingine.

Na asiyejua bado atafanya kazi gani zaidi aanze na meza peke yake: tabaka mbili zilizobandikwa fomaika, milimita 800 kwa 600, tundu la bamba likiwa limechongwa vizuri. Aikalishe juu ya fremu nyepesi ya mbao kwa skrubu nne bila gundi. Siku akiamua kujenga kabati, atafungua skrubu hizo na kuihamisha meza ileile, pamoja na bamba na fensi yake, juu ya kasha jipya.